Kelele za mbele kwenye Canter, Fuso na malori madogo ya zamani: kupima na kutengeneza

Lori dogo linaloshusha viazi kutoka Makete au mbao kutoka Mafinga halichukui muda kuanza kugonga mbele. Malalamiko yanayofika gereji kuanzia Iringa hadi Tunduma ni yaleyale: linagonga kwenye mashimo, linabisha ukishika breki, linalia asubuhi, linanguruma mwendo ukipanda. Tiba ya haraka nayo ni ileile, kubadilisha shokapu. Fedha hiyo mara nyingi inapotea bure, kwa sababu kwenye magari haya kinachoongoza ni pini za springi zilizokosa grisi, kisha yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea. Vyote viwili unaweza kuvipima bila kununua kitu.

Maelezo haya ni ya malori yenye ekseli nzima mbele, springi za majani na kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu la mbele hugeukia): Canter, Fuso, Isuzu Elf, Toyota Dyna na mengine ya namna hiyo. Pikapu zenye mikono na bolijointi (viungo vya tufe la chuma linalozunguka kila upande) zina sehemu yake fupi huko chini.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Toa mzigo. Simamisha gari mahali pagumu na tambarare, vuta handibreki, weka gia, kisha zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo au mawe makubwa mbele na nyuma yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Kulishikilia gari ni kazi ya stendi za chuma, au magogo mazito ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana. Udongo wa Njombe na Rungwe wakati wa masika unaonekana mgumu juu huku chini ni laini, na jeki inazama taratibu bila kutoa sauti. Weka ubao mnene chini yake. Usiingie chini ya lori lililosimama kwa jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia tu.

Andaa tochi, mtalimbo wa urefu wa mita 1 hivi, futi ya kupimia, brashi ya waya, chaki, bomba la grisi na spana zako. Unahitaji mtu wa pili wa kukanyaga breki na kutikisa stelingi, utingo anatosha.

Osha sehemu ya mbele yote kwanza. Chini ya tope huwezi kuona ufa wala nati iliyotembea.

Halafu liendeshe taratibu na ujue kelele inatokea lini hasa: kwenye vishimo vidogo, ukishika breki, ukikata kona, au inafuata mwendo. Jibu hilo ndilo linalokupeleka kwenye kundi sahihi hapa chini.

Linagonga mfululizo kwenye vishimo vidogo, mwendo mdogo

Hii ndiyo kelele inayolalamikiwa kuliko zote, na husikika zaidi gari likiwa tupu, kwa sababu mzigo hukandamiza pini upande mmoja na kuzinyamazisha. Dereva anayesema "likibeba linatulia" amekwishakupa nusu ya jibu.

Anza na pini na bushi za springi. Kila springi ya mbele ina pini ya mbele iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesisi, na nyuma kuna shakoli, yaani kile kiungo kinachoyumba springi inaponyooka. Shakoli ina pini mbili, moja juu na moja chini. Gari likiwa chini kwa matairi yake, injini imezimwa, mwambie utingo asimame kwenye bampa na kulitikisa juu na chini. Wewe shika ncha ya pini kwa kiganja, moja baada ya nyingine, vidole vikiwa mbali na nafasi kati ya shakoli na springi. Pini mbovu inagonga kiganjani, tena waziwazi. Nzima inazunguka kidogo tu bila kugonga. Kisha inua chesisi mpaka springi ipumue, pitisha mtalimbo kati ya jicho la springi (ncha yake iliyoviringishwa, inamopita pini) na shakoli, na usukume kwenda juu na pembeni. Ukiona pini inasogea ndani ya bushi, umepata.

Usikimbilie kubadilisha kabla ya kujaribu grisi. Safisha nipo (kichuchu cha kuingizia grisi), pampu grisi ya lithiamu namba 2 mpaka mpya itoke pande zote mbili za bushi. Isipotoka, fanya hivi:

1. Inua chesisi ili uzito utoke kwenye pini, pampu tena. Mara nyingi inafunguka hapo.
2. Ikigoma, fungua nipo na uangalie kama kipira chake cha ndani kimeganda. Nipo ni bei ndogo, weka mpya.
3. Bado? Chokoa tundu la pini kwa waya mgumu, tia dizeli kidogo, acha ilowe, pampu tena.
4. Ikishindikana kabisa, pini lazima itoke. Mfereji wa grisi umeziba kwa tope na grisi iliyokauka ikawa ngumu.

Pini ikishatoka, ifute na upitishe ukucha kwa urefu wake. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, pini imekwisha. Badilisha pini na bushi pamoja: pini mpya ndani ya bushi iliyopanuka itagonga tena baada ya safari chache. Bushi isigongwe kwa nyundo moja kwa moja, inapinda mdomo. Ivute kwa bolti ndefu na washa, au ipelekwe kwenye presi. Kwa springi zenye tundu la grisi kwenye jicho, tundu la bushi litazamane nalo. Ukiligeuza, grisi haitafika kamwe, na kosa hili linajirudia kuliko linavyostahili.

Canter nyingine ndogo zina bushi za mpira badala ya chuma. Hizo hazipigwi grisi. Zinapasuka, zinatoka nje ya jicho upande mmoja, na nati zake hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unajikunja muda wote na kuchanika mapema.

Pini zikiwa nzima, nenda kwenye stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Dalili yake ni kugonga pale tairi la upande mmoja tu linapoingia shimoni. Shika fimbo yake kwa mkono na uitikise; bushi zilizokwisha zinaonyesha mwanga kati ya mpira na chuma. Linki zake, yaani vifimbo vifupi vya kuiunganisha, unaweza kuzifungua kwa muda na kuendesha mita mia chache kwa mwendo mdogo. Kelele ikipotea, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Usiliache bila linki kwenye barabara ya milima, litalala kwenye kona.

Shokapu ni ya tatu. Kinachogonga mara nyingi si shokapu yenyewe ila bushi na bolti zake za juu na chini. Kaza, tikisa, angalia. Unyevu mwembamba wa mafuta kwenye mwili wake unavumilika, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini ni ishara imekufa. Zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia.

Mwisho angalia vibanio vinavyoshika majani ya springi pamoja. Rivet ikikatika, jani linapiga kibanio kwa sauti kali ya chuma.

Linabisha mara moja ukishika breki au ukianza kuondoka

Hapa uwe makini zaidi. Mlio mmoja mzito, "gong", kila unapobadili kati ya mbele na nyuma, maana yake kuna kitu kinasogea kwa urefu wa gari. Breki inaivuta ekseli nyuma, na nguvu hiyo inabebwa na yubolti, senta bolti (ile inayopita katikati ya majani ya springi) na pini ile ya mbele isiyo na shakoli. Vitu hivyo ndivyo vinavyoishikilia ekseli mahali pake unaposhuka Kitonga au mteremko wa Iwambi.

Jaribio: kwenye uwanja mtupu, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kanyaga breki, rudi nyuma, kanyaga tena. Mlio mmoja kila upande unathibitisha.

Cha kwanza ni yubolti. Angalia pale springi inapokalia ekseli. Kama kuna mstari wa chuma kilichosuguliwa kikang'aa, au unga wa kutu unaotoka kwenye mshono, springi imekuwa ikitembea. Huku kwetu udongo mwekundu unadanganya: sugua kwa kitambaa chenye maji. Tope litaondoka lote. Kutu ya msuguano inabaki imeng'ang'ania ukingoni, rangi ya kahawia iliyokoza.

Kaza nati nne kwa kupishana msalaba, kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo na spana ya kipimo. Gereji isiyo na spana hiyo si mahali pa kumalizia kazi hii. Yubolti iliyovutika, nyuzi zake zikionekana nyembamba au nati ikikwama katikati, haifai kurudishwa. Ukishakaza piga mstari wa chaki kutoka nati hadi kwenye bamba, beba mzigo wa kawaida, tembea kilomita 50 hadi 100, angalia mstari na kaza upya. Yubolti mpya ambazo hazikurudiwa kukazwa ndizo zinazoturudisha kwenye mlio huu.

Cha pili ni senta bolti. Kichwa chake kinaingia kwenye shimo la ekseli na kuizuia isiteleze. Yubolti zikikaa muda mrefu zimelegea, senta bolti inakatika, nawe huoni kwa sababu imefichwa. Futi ndiyo inayosema ukweli. Ukiwa umenyoosha magurudumu, pima kutoka katikati ya pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 au 6, ekseli imehama upande mmoja. Dereva atakuwa anaeleza pia kwamba gari linavuta upande akishika breki, au stelingi imekaa kombo barabara ikiwa imenyooka. Gari la namna hiyo halirudi barabarani. Kukaza yubolti juu ya senta bolti iliyokatika ni kuificha hatari mpaka siku ya mzigo.

Cha tatu, bushi ya pini ya mbele. Ipime kwa mtalimbo kama ilivyoelezwa juu. Cha nne, breki zenyewe: bamba linaloshika viatu vya breki likilegea bolti zake linatoa mlio huohuo. Fungua dramu uangalie.

Linalia au kukoroma springi zinapocheza

Mlio wa asubuhi za Juni na Julai kule Njombe na Kitulo, unaopungua gari likishapata joto, kwa kawaida ni bushi za mpira zilizokuwa ngumu kwa baridi. Unakera, hauna hatari. Mlio usiopungua ni pini kavu, au majani ya springi yanayosuguana baada ya vipande vya kutenganishia ncha zake kuisha. Inua chesisi, majani yakiachana safisha kwa brashi ya waya na upake grisi yenye grafiti kwa bapa jembamba.

Tabia ya kumwagia springi oili chafu tuiache. Inanyamazisha kwa siku chache, inakusanya vumbi ambalo linasaga majani, inalainisha na kuozesha bushi za mpira, na ikifika kwenye viatu vya breki umeharibu kitu cha maana zaidi.

Linapiga kishindo kwenye shimo kubwa, au limelala upande

Lisimamishe pasipo na mteremko, pima kutoka ukingo wa ringi hadi chesisi pande zote mbili. Upande ulioshuka una springi iliyochoka au jani lililokatika. Pitisha tochi na brashi ya waya jani kwa jani, hasa karibu na yubolti na pale senta bolti inapopita, kwa kuwa ufa huanzia kwenye tundu. Angalia pia mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesisi. Mara nyingi umedondoka zamani, na kishindo ni chuma kwa chuma.

Jani kuu, lile lenye macho, likiwa na ufa hata mdogo, gari halitembei. Majani ya chini yakikatika utaweza kufika gereji ya karibu ukiwa umeshusha mzigo na kwa mwendo mdogo. Jani halichomelewi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea unaondoa ugumu huo, kwa hiyo kitakatika pembeni mwa kiungo. Usiongeze jani upande mmoja ili kunyanyua gari lililolala. Badilisha springi zote mbili za mbele, au upange majani yanayolingana unene na idadi.

Linagonga au kukwama ukizungusha stelingi

Gari likiwa chini, injini inanguruma ikiwa stelingi ni ya mafuta, utingo azungushe stelingi kidogo kushoto na kulia bila kuacha. Wewe pembeni, si mbele ya matairi, fuatilia kila kiungo: tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), draglinki (fimbo inayopeleka nguvu ya stelingi kwenye gurudumu), mkono unaotoka kwenye boksi la stelingi, na bolti zinazolifunga boksi kwenye chesisi. Kiungo kinachocheza kinaonekana kwa macho. Boksi linalosogea kwenye chesisi huwa na bolti zilizolegea au chesisi yenye ufa kuzunguka matundu yake.

Kisha inua ekseli, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki huku ukiendelea. Mchezo ukipotea, ni bering za habu (kitovu cha gurudumu). Ukibaki, ni kingpini. Kwa ringi ya inchi 16 au chini ya hapo, mchezo wa milimita 6 ukipima kwenye ukingo wa tairi ni mwisho wa kuvumilia. Kabla ya hapo piga grisi kingpini juu na chini, tairi likiwa limening'inia, huku ukilizungusha kushoto na kulia. Mlio mkavu wa stelingi nzito karibu kila mara ni bering ya chini ya kingpini iliyokosa grisi.

Kubadilisha kingpini ni kazi ya fundi mwenye presi na rima (kifaa cha kupanulia tundu kwa kipimo). Bushi mpya lazima zipanuliwe kwa rima mpaka pini iingie kwa kusukuma kwa mkono, na fundi anayezipanua kwa msasa atakuachia stelingi isiyorudi yenyewe baada ya kona. Na usikubali skrubu ya boksi la stelingi ikazwe ili kuficha mchezo wa tairodi.

Mngurumo unaopanda na mwendo

Hii ni bering ya habu mpaka ithibitike vinginevyo. Inua, zungusha tairi kwa mkono huku kiganja kingine kikiwa juu ya springi: bering iliyochubuka inatetemesha springi. Ikiwa imelegea tu, fungua, osha kwa dizeli, kausha, angalia rola na njia zake. Zikiwa laini bila alama za bluu wala vishimo, paka grisi mpya ya bering, weka sili mpya na urekebishe nati kama kitabu kinavyosema. Rangi ya bluu ni ya joto, na hiyo hairudishwi. Tairi lililolika kwa mawimbi linanguruma vilevile; hamisha magurudumu uone kama sauti inahama.

Kelele zinazosingiziwa springi

Kabini inayoinuka ina komeo na raba zake, na komeo lililolegea linagonga sawasawa na pini mbovu. Kagua hilo kabla hujafungua chochote, lakini kabini ikiinuliwa iwekewe mhimili wake wa kuzuia isirudi. Mengine ni maunti (raba za kukalia) ya injini, tairi la spea, jeki iliyoachwa nyuma ya kiti, na yubolti za bodi ya mbao.

Pikapu zenye mikono

Hilux na wenzake: anza na linki za stabilaiza, halafu bolijointi, halafu bushi za mikono. Weka jeki chini ya mkono unaobeba springi ili bolijointi isibanwe, kisha ipandishe tairi kwa mtalimbo. Bolijointi inayopanda na kushuka inabadilishwa leo, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari.

Wakati wa kuacha spana na kuita fundi

Acha, na gari lisiendeshwe, ukikuta lolote kati ya haya: ekseli imehama, jani kuu lina ufa, yubolti imekatika, tairodi au draglinki inacheza, kiungo chochote cha stelingi kimewahi kuchomelewa, chesisi ina ufa kwenye kikalio cha springi, au habu ni ya moto kiasi cha kushindwa kuweka mkono. Hapo fundi ndiye aletwe kwenye gari, au gari libebwe.

Akifika, mwambie kelele inatokea lini, upande gani, likiwa na mzigo au tupu, na ulichokwisha kupima. Mwonyeshe vipimo vya futi na alama za chaki, na spea zilizotolewa ubaki nazo mpaka gari limerudi kutoka safari ya kwanza na yubolti zimekazwa upya.